Jile ya Parfait

Kensington, Johannesburg
Jumatatu

Kwako Baba yangu mzazi, Mzee Gaston,

Bwana asifiwe, Baba. Nakusalimu kwa mikono miwili na kwa goti, ingawa goti lenyewe hulioni ukiwa huko Baraka. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, anameza dawa zake za presha, au bado anazificha kabatini akidai zinamharibia ladha ya samaki wake wa mukeke? Nisalimie watu wote wa mwaloni, uwaambie maombi yao yanatufikia.

Ukiuliza hali yangu, sitaandika kwamba sijambo, maana nitakuwa nimekudanganya kabla wino haujakauka. Nakula kidogo, nalala kidogo. Asubuhi nafungua duka la kushonea, nakaa mbele ya cherehani, na wateja wakiuliza nguo zao nawaambia kesho. Mama mchungaji alikuja kuchukua gauni la harusi ya binti yake akalikuta halina mikono. Hakugomba. Alinishika bega tu akaondoka, na hilo likaniumiza kuliko kama angenitukana.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani wakati simu ipo. Baba, wewe simu yako huwa unaiweka spika, nyumba nzima inasikia, mpaka jirani naye anachangia. Haya ya leo nataka uyasome peke yako, umevaa miwani, mlango umefungwa. Ndiyo maana nimempa Ishaka, yule mfanyabiashara wa vitenge anayepitia Lubumbashi, na ameapa kwamba barua hii haitapita mkono mwingine. Kuna na kifurushi kidogo. Tafadhali usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua.

Nimesikia unatafuta mtu wa kununua boti yako ili upate nauli ya kuja huku kumtafuta Parfait mwenyewe. Nimesikia pia kwamba umekunja mkeka ambao Mama alikuwa ameutandika sebuleni, na umesema atakayelia kwako atatoka na machozi yake nje, kwa sababu mwanao hajafa. Baba, nakusihi kwa maziwa niliyonyonya kwa Mama, usiuze boti. Ukiiuza mtakula nini? Nisikilize kwanza, nikueleze yote toka mwanzo, maana kwenye simu ulipewa vipande vipande tu.

Unamkumbuka Octave, fundi wa magari, yule kijana wa Uvira. Mteja mmoja alimwachia boti ndogo ya plastiki pamoja na injini yake badala ya malipo, ikakaa uani kwake juu ya tela, katikati ya matairi. Parfait alipoiona, macho yake yalibadilika. Miaka yote hiyo mtoto wako alikuwa anasimama kwenye geti la majumba ya watu kule Bedfordview, anainua kizuizi, anashusha kizuizi, anasema good morning sir. Mtu aliyezaliwa kwenye maji! Akaanza kwenda kwa Octave kila akitoka zamu, anaipapasa ile boti kama mtu anayechagua ng'ombe.

Wakakubaliana kwenda Natal, kwenye mdomo wa mto mmoja, kuvua samaki ambaye watu wa kule wanamwita samoni. Ni mkubwa, ana rangi ya fedha, Parfait alisema ni kama sangala wetu wa ziwani aliyesoma shule. Huku Johannesburg Wakongo wanamgombania. Na usidhani walikwenda kichwakichwa. Octave si mtu wa kuchezea maji. Alijaribu injini ndani ya pipa, akafunga simu kwenye mfuko wa plastiki, akawaachia watu wa ufukweni habari kwamba watarudi mchana. Boti ilikuja na jile mbili za dukani, zile koti za kumzuia mtu asizame, moja ya Octave mwenyewe na nyingine ya Joël, rafiki yao. Akasema mtu wa tatu hapandi bila jile, hata awe amezaliwa na samaki. Parfait akapata yake. Ndiyo ile ya rangi ya chungwa uliyoiona kwenye picha aliyokutumia, amepanua mikono, anacheka meno yote nje. Najua umeionyesha picha hiyo mwaloni kote. Najua ulisema hatimaye umepata mtoto anayevua kwa akili.

Safari ya kwanza ilikwenda sharp, bahari ikiwa imelala, na hakuna aliyelowa zaidi ya magoti. Ya pili ndiyo hii.

Asubuhi walitoka vizuri. Wakatia nanga pale maji ya mto yenye rangi ya chai yanapokutana na ya buluu, maana samoni hupenda kuvizia dagaa kwenye maji machafu. Wakapata wawili wakubwa, na Joël anasema Parfait aliimba wimbo wa kwaya wote, hata sehemu ya wanawake. Mchana upepo ukaamka. Octave akataka warudi walikotokea, upande wa mchanga. Parfait akakataa. Alisema kwao, kwenye mto Mutambala, ziwa likichafuka, baba yake alimfundisha kufuata rangi ya mto, nao utamfikisha mpaka mlangoni. Na kweli, ulitufundisha hivyo, na kwetu hakuna aliyepotea kwa kufuata hivyo.

Lakini bahari si ziwa, Baba. Bahari inajaa na kupwa, kitu ambacho Parfait alikisikia tu. Saa ile maji yalikuwa yanakupwa. Mto wote ulikuwa unatoka kwa nguvu, mawimbi nayo yanaingia, vikakutana pale mlangoni kama watu wawili wakaidi ambao hakuna anayempisha mwenzake. Mzee mmoja Mzulu aliyekuwa anavua ukingoni alivua shati lake akawapungia kuwazuia. Wao walidhani anawasalimia. Parfait naye akampungia mkono.

Boti ikapinduka. Octave na Joël walisukumwa nje baharini, wakabaki wakielea kama vibuyu mpaka watu wa uokoaji walipowafuata na boti yao ya mpira. Parfait hawakumpata. Walimtafuta kwa boti, wakamtafuta kwa helikopta, nami nikashuka Natal na basi, nikatembea kwenye mchanga ule nikiita jina lake kama mwendawazimu, mpaka wale watu wenyewe wakaniambia kwa upole kwamba wameacha kutafuta.

Sasa Murielle, mke wake, ndiye anayeniua. Kwa kuwa ulimwambia mume wake yuko hai mahali, kila asubuhi anapiga pasi sare yake ya ulinzi na kuitundika mlangoni. Akitaka kuvaa nyeusi anakumbuka maneno ya baba mkwe, anaivua. Anakuja dukani kwangu ananiuliza, wifi, mimi ni mjane au si mjane? Eish, Baba, mtu atajibu nini? Kanisa nalo linangoja ruhusa yako ndipo liite watu wa maombolezo. Wote tumesimama, na wewe ndiye umeshika kamba.

Najua unaishikia nini. Unashikilia ile jile. Umeniambia kwenye simu, na ukaniambia tena, kwamba ulipokuwa kijana meli ilizama mbele ya rasi ya Ubwari na wewe mwenyewe uliwaokota watu wenye jile wakiwa hai kabisa, wakati waliodhani wanajua kuogelea wote walikuwa wamekwisha. Ukasema mwenye jile, maji yatamtapika tu, hata kama ni mbali, hata kama ni Msumbiji. Joël alipokueleza kwamba alimwona Parfait akiifungua mikanda na kuivua, ukamwita mwongo. Wengine huku wanasema ni kiburi cha watu wa ziwa, kwamba alitaka kuwaonyesha anavyopiga mbizi. Mimi niliwasikia wakisema hivyo kwenye mlango wa kanisa nikanyamaza.

Baba, Joël si mwongo, na Parfait hakuwa na kiburi.

Mficha uchi hazai, nami nimeficha mpaka nimechoka. Jile ile haikutoka dukani. Niliishona mimi.

Alikuja akasema, dada, wewe unayeshona suti za wachungaji utashindwa na kikoti kisicho na mikono? Nami nikavimba kichwa, unanijua. Nikaomba ile ya Octave, nikaipima kila upande, nikanunua kitambaa kile cha mafundi wa barabara, nikaweka mikanda imara, nikaweka na utepe unaong'aa. Ndani sikuangalia. Sikutaka kumpasulia Octave jile yake, nikaibonyeza tu kwa vidole, nikaona ni laini, nikasema hii ni sponji. Nikakata godoro lile alilolalia Parfait alipofika Johannesburg mara ya kwanza, lile la chumba cha nyuma. Wala hatukuwa wajinga kabisa, Baba, tuliijaribu! Tuliitia kwenye beseni kubwa la kufulia, ikaelea, tukapiga makofi. Parfait akaivaa ikiwa bado inadondosha maji, akacheza nayo dukani, Murielle akapiga picha. Ndiyo picha unayowaonyesha watu.

Tuliitoa mapema. Hilo tu. Hatukuiacha ndani ya maji.

Nilipokuwa kule Natal, jile ilitupwa na mawimbi kwenye mchanga. Mama mmoja wa uokoaji aliiinua kwa mikono miwili, nzito kama mtu. Akaikamua, maji yakatoka, yakatoka, hayakwisha. Mikanda ilikuwa imefunguliwa yote, haikukatika, maana mimi nikishona mkanda haukatiki. Akaniuliza kama najua ilinunuliwa wapi. Nikajibu sijui. Nilimkana ndugu yangu pale pale mbele ya maji yaliyommeza.

Joël anasema mwanzoni Parfait alielea vizuri tu, tena aliwapigia kelele wasiogope. Halafu akawa anashuka. Alikuwa anapigana na mikanda, na Joël alikuwa anamlilia asivue, asivue! Alipomaliza kufungua nguvu zilikuwa zimekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguo hiyo ilitoka mkononi mwangu.

Kwa hiyo usijiulize tena juu ya rangi ya mto na mafunzo yako. Najua hilo linakula moyo wako kimyakimya hata kama hulisemi. Boti iliwapindukia watu watatu. Wawili wenye jile za dukani wako hapa Johannesburg, wanakula, wanaumwa mafua. Aliyekufa ni aliyevaa ya kwangu. Ukitaka kumlaani mtu, mtu ni mimi, na sitakimbia. Octave na Murielle nitawaambia Jumapili hii, mbele ya kanisa. Nimetaka wewe ujue kwanza.

Sasa nakujua, Baba. Utasema Victorine amechanganyikiwa kwa huzuni, na kesho utaendelea kutafuta mnunuzi wa boti. Fungua kifurushi. Ni kipande cha sponji ileile, kilichobaki kwenye godoro. Kiweke kwenye beseni la maji. Kitaelea, nawe utanicheka. Usiinuke. Kibonyeze kidogo kidogo kama mawimbi yanavyobonyeza, Mama akiwa amebandika maharage jikoni. Mimi nilifanya hivyo, nikakaa nikakiangalia, na kilipozama maharage hayakuwa yamechemka.

Kikishafika chini, tandika mkeka, Baba, umruhusu Mama alie.

Wasalimie wajomba na shangazi, na wote wanaomkumbuka Parfait. Murielle anakusalimu, hajui nimeandika nini. Nakuombea macho yako yawe na nguvu ya kufika hapa, na moyo wako pia. Ukinijibu, hata kwa matusi, nitapiga magoti kuyapokea.

Ni mimi binti yako,
Victorine