Mkwe Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Juni

Uji umeungua tena. Nilikuwa najibu maswali ya hospitali kwenye simu. Kila asubuhi yale yale: maumivu kuanzia sifuri hadi kumi, usingizi, kichefuchefu, choo. Majibu yanakwenda kwa Sista Upendo, nesi wa tiba shufaa, naye ndiye anayesema mofini, dawa ya maumivu, iongezwe au ibaki. Kansa ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa. Kupona hakuna. Kilichobaki ni asiumie.

Mgonjwa ni baba mkwe. Anayejibu ni mimi. Na mimi siruhusiwi kumwona.

Mila ya Wanyakyusa hiyo. Mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, hamsemeshi. Kwetu Idodi wakwe tunawaheshimu, lakini maji tunawapa kwa mkono. Alipokuwa kwake Tukuyu na sisi hapa mjini, mtaa wa Soweto, haikunisumbua. Sasa tuko nyumba moja, katikati pazia, na simu inataka nimuulize kama amepata choo. Mume wangu Ambakisye yuko na lori Zambia. Maumivu nimejaza mbili. Nimebuni tu.

Jumanne, 4 Juni

Wifi Tusa kaja kutoka Mbalizi kumwogesha baba yake, kama kila jioni. Nikamtuma amuulize. Jibu: hajambo. Mzee wa rika lake haungami maumivu mbele ya mtoto aliyemzaa. Nimejaza hiyo hajambo yake. Ningefanyaje?

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimemsikia. Ameng'ata blanketi, sauti inatokea puani. Nikasimamisha cherehani. Nikajaza nane.

Sista Upendo akapiga hapo hapo, akataka kuongea na mgonjwa mwenyewe. Nikaisukuma simu chini ya pazia kwa ufagio. Mzee akajibu kwa sauti ya kanisani: "Sijambo, mama. Ni hii baridi yenu ya mjini tu."

Sista akanipoza, eti nisiwe na hofu sana. Dawa ikabaki ile ile. Nimeonekana mzushi ndani ya nyumba yangu. Hasira zilinipanda mpaka nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Gauni la watu. Nimelifumua.

Ijumaa, 7 Juni

Nimechoka. Sina la kuandika.

Jumapili, 9 Juni

Wazee wa kanisa walikuja kumwombea. Kaimba nao besi, kakaza kweli. Walipotoka tu akaanza kutapika. Tusa alikuwa bado hajafika. Nilisimama kwenye pazia, beseni mkononi. Nikamsikia anapapasa, anatafuta cha kutapikia, na beseni ninalo mimi. Sikuingia. Nililisukuma kwa mguu.

Naichukia mila hii. Leo najichukia na mimi.

Ambakisye kapiga baadaye. Nikamwambia rudi, au niingie. Akasema nikiingia nitamvunjia mzee heshima aliyoishi nayo maisha yake yote, afe hana kitu. Heshima gani ya kutapikia shuka? Nikakata simu.

Jumanne, 11 Juni

Maji yamenifika shingoni. Nimempigia Sista, nimemweleza yote: pazia, ufagio, namba za kubuni. Yeye ni mtu wa Moshi, mambo haya hakuyajua. Akasema kumbe.

Kuna njia nyingine. Simu itaita yenyewe, sauti ya Sista iliyorekodiwa itauliza, mgonjwa atabonyeza namba mwenyewe. Mwisho anaweza kuacha neno. Tusa kamfundisha jioni. Nasikia alikuwa mbishi, lakini vidole vilishika.

Jumatano, 12 Juni

Simu niliiweka kwenye kigoda, nikakisogeza ndani ya pazia. Nikatoka nje kuanika nguo ili asijue kama nasikia. Alipoirudisha nikatazama majibu.

Maumivu tisa. Usingizi hapana. Choo hapana, tangu wiki iliyopita.

Tisa! Hakumwambia binti yake, hakuwaambia wazee wa kanisa, hata Sista mwenyewe kadanganywa. Kaiambia mashine. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi kilio kilikuwa mlangoni kabisa. Nimelia jikoni na kitunguu mkononi, mtu akiuliza nina sababu.

Mofini imeongezwa. Na dawa ya kulainisha choo. Tusa kazifuata hospitali mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Kalala mchana kutwa. Anakoroma. Sikujua kama nitakuja kufurahia mkoromo wa mtu. Kabonyeza nne.

Jumatatu, 17 Juni

Tusa, ambaye siku hizi huja tangu asubuhi kumpa dawa, kaamka na homa, hakuja. Saa ya dawa ikafika, ikapita. Nikasikia chupa inaanguka kwenye mkeka. Inaokotwa. Inaanguka tena.

Simu ya hospitali ikaita huko ndani. Akabonyeza namba zake, halafu akaacha neno. Mimi niko upande huu wa pazia, nasikia yote, na yeye anajua nasikia.

"Sista, mikono imekataa. Mwambie huyo mama wa humu ndani aingie anipe dawa. Mwambie ni mimi niliyesema."

Hakuniambia mimi. Kwa hiyo nilisubiri, nimesimama kama mlingoti. Sista akapiga. Mzee akaisukuma simu nje kwa fimbo yake. "Mama," Sista akasema, "baba anakuita."

Niliingia nimeinamisha uso. Nikaona miguu kwanza, imebaki mifupa. Nilipofika kwenye mto ikabidi nitazame. Mzee alikuwa amefumba macho, kayabana kabisa, ili nimtazame bila yeye kunitazama. Nikapima dawa, nikamnyanyua kichwa. Chepesi mno. Akanywa.

"Ndaga," akasema, ahsante ya kwao. Aliuambia ukuta.

Jumamosi, 22 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Maumivu tatu. Uji hanywi tena, analamba tu. Ambakisye amefika Tunduma, kesho yuko hapa. Tusa kapona, lakini dawa ya mchana bado naitoa mimi.

Leo hakufumba macho. Na mimi sikuinama. Ni macho ya Ambakisye, yale yale, hata kope. Tukatazamana kidogo. Nikamfuta mdomo, nikarudi kwenye cherehani.