Vigingi vya Reli Shambani kwa Bi Katarina

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mastura Shaaban. Umri: miaka 24. Dini: Mwislamu. Kazi: mhudumu wa duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Makazi: Rahaleo, Lindi.

Mimi na binamu yangu Yahya tunatengeneza treni ndogo ya mbao, mfano wa ile iliyotoka Mkwaya kwenda Nachingwea kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Reli yenyewe iling'olewa. Tulichonacho tumekipata mtandaoni: ramani za Waingereza, picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na michoro ya mabehewa aliyotutumia mzee mmoja wa ng'ambo tusiyemjua sura. Picha hizo huwa nalala nazo machoni.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, tulifika shambani kwa Bi Katarina, nje ya Mkwaya, mahali ambapo ramani inaonyesha tuta la reli. Tulimwamkia, tukamwambia tunatafuta reli.

Akacheka. "Wanangu, mmechelewa stesheni!" Lakini alituruhusu.

Tuta lipo, chini ya mihogo, limejikunja kama mtu aliyelala. Yahya alipigilia vigingi kufuata ukingo wake. Mimi nilisimama juu yake nikahisi upepo wa kitu kirefu kinachopita. Nilisogea pembeni kukipisha.

Watu walikusanyika. Dereva mmoja wa bodaboda alisema, "Semeni ukweli bwana. Mjerumani kawaachia ramani ya mali aliyoifukia?"

Yahya, ambaye hawezi kuuacha utani, akajibu, "Ndiyo, na ufunguo katuachia."

Walicheka, ila si wote.

Kesho yake asubuhi kila palipokuwa na kigingi palikuwa na shimo, na mihogo imelala. Yahya akakamatwa, kwa kuwa vigingi ni vyake na maneno ni yake.

Sikumwona aliyechimba. Ninachojua ni kwamba usiku huo Yahya alilala kwetu, na mama yangu ndiye aliyemtandikia. Tena aliyechimba aling'oa vigingi. Yahya asingeving'oa, tulikuwa hatujavipiga picha, na bila vigingi hivyo tumelipoteza tuta.

Leo, nje ya kituo hiki, Bi Katarina aliniomba simu. Aliikuza picha ya ndege kwa kidole. "Kwangu ni wapi hapa?"

Nilimwonyesha.

"Kumbe ilipita penye kitanda changu," alisema.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nami nayatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi: M. Shaaban

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Dominick, nikamsomea shahidi akakiri ni sahihi. Mlalamikaji, Bi Katarina, aliyekuwa benchi la nje, anaomba mtuhumiwa aachiwe, akavirudishe vigingi vilipokuwa.