Mashina Matano Ambayo Sikuyachoma

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usishangae ukikuta ukali humu ndani, kwa maana wiki hii nzima sijafungua kinywa bila kugombana na mtu. Mimi ni mzee, niliihama nchi yangu miaka thelathini na minane iliyopita baada ya mihogo yetu kuozea ardhini misimu mitatu mfululizo, juu majani mabichi ya kupendeza, ukichimbua ni michirizi ya kahawia tupu, kwa hiyo kituo cha utafiti cha hapa kilipoanza kujaribu shambani mihogo iliyobadilishwa vinasaba ili ihimili ugonjwa uleule niliomba kazi hata ya kufagia, nikapewa ya kukwanyua maua kabla hayajafunguka na kuchoma mashina baada ya mavuno, kila shina likihesabiwa daftarini, kwani hakuna kinachoruhusiwa kutoka nje ya uzio mpaka majaribio yaishe.

Mwaka jana nilichimbua mhogo mweupe hadi kiini, nikakaa chini nikalia. Siku hiyo niliandika kwamba nimechoma mashina mia mbili na arobaini. Matano kati ya hayo nilimpelekea mdogo wangu wa kike, niliyehama naye, ambaye shamba lake la huku limeoza kama la marehemu baba. Nilimwambia apande, anyamaze. Alipanda, akavuna, akawagawia majirani vipande vya kupanda, na nilipofoka akanijibu, "Kaka, mhogo mweupe hivi nitaufichaje, niupake masizi?"

Habari zimevuja, na sasa wapinzani wa majaribio wana la kusema. Mmoja anazunguka na kipaza sauti akidai mihogo hiyo inamaliza nguvu za wanaume, mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Wakubwa wa kituo wamemsimamisha kazi bawabu wetu, tunayemwita Kufuli, eti ndiye aliyeyatoa mashina, naye siku ile alinifungulia lango tu bila kunipekua. Alhamisi kuna mkutano wa kuamua kama majaribio yafungwe. Mtafiti wetu, binti wa umri wa mjukuu wangu, aliniuliza, "Babu, hesabu yako ilitimia?" Nikamjibu, "Ilitimia, mjukuu wangu."

Nina hasira na wapiga kelele, na mdogo wangu, na sheria inayomnyima mwenye njaa mashina matano. Nikisema, utafiti utakufa kwa mkono wangu, nikinyamaza, Kufuli ana watoto. Nifanyeje?

Mchoma Mashina

*

Mzee wangu, shikamoo. Salamu nimekupa, sasa tusikilizane.

Uliyoyaona ujanani yangemtoa machozi yeyote, na mkono wako ulipelekwa na huruma. Lakini katika orodha ya uliowakasirikia umemsahau aliyebeba mashina. Mwenye kipaza sauti ni mwongo, na uongo wake haukuwa na miguu mpaka wewe, mpenzi mkubwa wa utafiti, ulipoupa mitano. Hakuna aliyeruka uzio. Kufuli alikufungulia kwa kuheshimu mvi zako, na sasa analipia heshima hiyo.

Sheria unayoilaani ndiyo inayofanya neno la binti yule lisikilizwe. Mhogo mweupe wa msimu mmoja ni habari njema, haujawa jibu. Ukiwa na kasoro, nani atajua, nao umeshasambaa kwa majirani? Ukiwa mzuri, umeufanya uonekane wa wizi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe umeficha dawa, ikakuumbua vilevile.

Usiende kung'oa kimyakimya, hilo litakuwa kosa la pili. Leo hii mwambie mtafiti, ana kwa ana, asije akalisikia mkutanoni. Mpeleke kwa mdogo wako na kwa kila jirani aliyepewa, ang'oe yeye, ahesabu yeye. Kisha nenda kwa Kufuli, mbele ya wanawe, useme uliyoyafanya. Alhamisi simama ulisome daftari mwenyewe, na usijitetee kwa njaa. Kazi utaipoteza, na ni haki. Majaribio huenda yakafungwa, sitakudanganya, ila yakipona, yatapona kwa sababu kuna mtu wa kituo aliyesema kweli kabla ya kulazimishwa.

Mihogo ya kwenu ilikuhadaa kwa majani mabichi, na chini imeoza. Daftari lako sasa liko hivyohivyo. Lichimbue.