Mgonjwa Aliyejifunika Uso

Hospitali, Tabora
Alhamisi, saa nane mchana

Mke wangu Mama Kulwa,

Pokea salamu zangu hapo Bukene, wewe na mapacha wetu. Mama yangu mpe shikamoo yangu, na umwambie kifua changu kimepona, asiendelee kuniulizia kwa kila anayeshuka kwenye treni. Mvua huku imenyesha mara mbili tu, nayo ya kubabaisha. Huko je? Karanga zimeota?

Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Tangu asubuhi sijakaa chini dakika kumi mfululizo. Barua hii isome peke yako kwanza, kaa mbali na watu, maana inamhusu baba yako. Yu hai. Nimetanguliza hilo ili usiruke mistari ukitafuta msiba.

Najua aliwaaga kwamba anakwenda Ntalikwa kumwona dada yake. Kweli alifika, lakini kilichompeleka ni mkojo. Kumbe mwaka mzima anahangaika, anasimama nyuma ya zizi mpaka miguu inakufa ganzi, unatoka tone tone, na hapo nyumbani hakumwambia mtu. Alitaka shangazi yako amtafutie dawa za miti. Akanywa siku tatu, na siku ya nne mkojo ukaziba kabisa.

Jumatatu asubuhi jirani wa shangazi akamleta kwa baiskeli, amempakia kwenye keria. Hebu fikiria njia ile ya mashimo, na kibofu kimejaa vile. Mimi nilikuwa nafunga vidonda chumba cha pili, nikaitwa upesi. Nikamkuta mzee amelala chali, blanketi amejifunika kichwa chote, tumbo limetuna chini ya kitovu kama mtungi. Karani akaniambia anaitwa Kasanda, mtu wa Nzega. Sikushangaa kuona uso umefunikwa. Wazee wengi hufanya hivyo wakija hapa, wanaona afadhali sisi madresa tuuone mwili kuliko tuuone uso.

Kazi ya mpira wa mkojo nilijifunza jeshini, Burma, unajua. Nikauchemsha, nikaupaka mafuta, nikauingiza polepole. Ukakwama kwenye mlango wa kibofu, nikausubiri, ukapita. Beseni la kwanza likajaa, nikaomba la pili. Mzee akashusha pumzi ndefu, akashukuru chini ya blanketi, "Wabeja, wabeja." Kisha akakohoa mara mbili.

Mama Kulwa, kikohozi kile nakijua. Ndicho anachokohoa baba yako akikaribia uani kwetu, ili mimi nipate nafasi ya kupita nyuma ya nyumba tusikutane. Miaka tisa nakisikia na kukimbia. Sijawahi kumpa mkono, sijala naye, jina lake halijatoka kinywani mwangu. Tukikutana njiani nashuka majanini, namsalimu nimetazama kando. Na sasa nimesimama juu yake, yuko uchi, na mikono yangu imeshika nilichoshika. Na kwa kuwa niliacha ghafla kumpa pole, akajua kwamba nimejua. Hakufunua blanketi. Nilimaliza kazi, nikaenda nyuma ya jiko la hospitali nikanawa mikono mpaka maji ya ndoo yakaisha.

Ndiyo maana alidanganya jina. Alijua mimi niko hapa, akaona akiitwa mtu wa Nzega na uso akiuficha, atatibiwa na kuondoka bila mkwe wake kujua.

Bwana Daktari alimpima siku ileile. Kwanza aliutazama mkojo kwenye glasi dirishani, kama una damu ya kichocho. Haukuwa nayo. Akapitisha chuma chembamba akatega sikio, kwa sababu penye jiwe chuma hugonga kama kijiko kwenye kikombe. Hakikugonga. Kovu la kisonono cha ujanani nalo halikuwapo, maana mpira ulikuwa umepita vizuri mpaka kibofuni. Mwisho akavaa glavu akampima kwa nyuma, na hapo ndipo akatikisa kichwa. Akasema ni tezi, ile iliyo chini ya kibofu, imevimba kwa uzee mpaka imeubana mlango. Hakuna dawa ya kuiyeyusha. Mpira ukitolewa ataziba tena, na ukikaa sana utaleta usaha kwenye figo. Apasuliwe Alhamisi.

Ngoja kidogo.

Nimekwenda kutazama chupa iliyo chini ya kitanda chake, nimerudi. Bado nyekundu. Ndiyo, amepasuliwa leo asubuhi, nitafika huko, nivumilie. Nikiruka kitu hutaelewa kwa nini nafanya hivi.

Basi baba yako akakataa kupasuliwa. Alisema amepata nafuu, atolewe mpira, arudi Ntalikwa. Unamjua akishasema neno. Jumanne nzima haambiliki. Sababu hakuitaja, ila mimi niliijua. Kwenye chumba cha upasuaji ni mimi ninayemshikia daktari vyombo, na dresa mwenzangu Salumu, ambaye angeshika nafasi yangu, yuko Ujiji kwenye msiba wa mama yake.

Jumatano nikaona nikizidi kunyamaza ninamuua. Nikamwambia Bwana Daktari kwamba yule mzee si Kasanda wala si wa Nzega, ni baba mkwe wangu. Akauliza, basi anaitwa nani? Nikamjibu kwamba siwezi kulitaja. Akanitazama kama anayetazama mlevi, akataka kujua inakuwaje mtu asahau jina la baba wa mke wake. Karani, ambaye ni mtu wa mjini hapa na anatujua sisi wa vijijini, akacheka mpaka akavua miwani, ndipo akamweleza desturi yetu, kwamba mkwe hamtaji baba mkwe jina wala hamtazami usoni. Bwana Daktari hakucheka. Akasema hampasui mtu mwenye jina la uongo, na lazima mgonjwa mwenyewe atie dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa.

Nikaingia wodini na karani. Nikampa baba yako mgongo, nikasimama nimeelekea dirishani. Sikusema naye, nilisema na dirisha.

"Hapa kuna mzee ameandikwa jina la mtu wa Nzega," nikaliambia. "Mpira ukitoka atakufa. Akifa, atakayezikwa ni huyo mtu wa Nzega, na Bukene watakaa wanamsubiri mzee wao arudi kutoka Ntalikwa. Binti yake hatajua hata kaburi la kulilia."

Nikasikia kitanda kinalia, nikasikia blanketi linavutwa. Kisha baba yako akamwita karani kwa sauti ya kuitia ng'ombe, akataja jina lake, la baba yake na la kijiji chenu, wodi nzima ikasikia. Akatia dole. Halafu na yeye akaliuliza dirisha, ni nani atakayekuwamo humo ndani akikatwa. Nikajibu ni mimi, hakuna mwingine.

"Basi humo ndani wewe ni dresa," akasema. "Ukitoka mlangoni, uwe mkwe wangu tena."

Leo saa mbili asubuhi tukamwingiza. Alichomwa sindano ya uti wa mgongo, hivyo kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari, lakini macho yako wazi na masikio yako wazi. Tukatundika shuka kifuani asione. Bwana Daktari akapasua chini ya kitovu, akafungua kibofu, akaingiza kidole akaibandua ile tezi kama unavyomenya chungwa bila kisu. Ikatoka vipande viwili, kikubwa sawa na limau. Nisamehe kukuandikia haya, lakini najua ungeniuliza. Damu ilikuwa nyingi. Nilikuwa nafuta, nashika, nabana, na upande wa pili wa shuka namsikia anawataja ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, asisikie vyuma vikigongana. Alipofika kwa yule dume mwenye pembe moja sauti ikapotea, nikafikiri amekwenda. Kumbe amesinzia.

Hatari yenyewe ni sasa. Damu ikiganda kwenye mpira

Imepita saa nzima tangu niandike mstari huo wa juu. Mpira uliziba kweli, tumbo likaanza kujaa, na ganzi ya sindano ilikuwa imekwisha. Bwana Daktari alikuwa amekwenda kula. Nikauosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, bomba baada ya bomba, mpaka madonge ya damu yakatoka. Alipiga kelele moja tu. Hapo tulikuwa wodini, mlango ule tumeshautoka, na mimi ni mkwe. Blanketi lilikuwa miguuni pake na hakuligusa.

Sasa naandikia kwenye ukingo wa kitanda chake. Chupa imepungua wekundu kidogo, au ni macho yangu yanataka iwe hivyo. Bwana Daktari anasema tukifika kesho asubuhi bila kuziba tena, atapona. Njoo kwa treni ya Jumamosi. Habari hii mwambie kaka yako mkubwa peke yake, na wengine waambie baba amepata homa Ntalikwa. Akipona nitaleta mbuzi wa kuomba radhi kama desturi inavyotaka, na asipomdai nitamleta vilevile.

Nisalimie kaka yako huyo, na mwinjilisti wetu umwombe atukumbuke katika sala bila kumweleza ugonjwa. Yule mjomba wangu mwenye duka hapo stesheni mwambie barua yake niliipata. Kulwa na Doto wasiende mtoni mvua zikikaza.

Mhudumu amesimama mlangoni, anangoja barua awahi treni ya jioni, kwa hiyo naishia hapa. Mwandiko wa ukurasa huu umepinda na karatasi inateleza, usidhani ni haraka tu. Nilipokuwa namwosha, maumivu yalimzidi, akautafuta mkono wangu wa kushoto akaushika. Nilidhani akipata nafuu atauachia. Amepata nafuu, amefumbua macho, amenitazama usoni, ameona ni mkono wa nani, kisha amelala tena bila kuuachia. Nami siutoi.

Ni mimi mumeo,
Baba Kulwa