Majani na Maji

Jumatatu, 3 Machi

Miguu ya dada yangu imevimba tena. Amechoka na vidonge vya hospitali. Anamtaka muuza dawa za miti aliye nyuma ya stendi, yule wanayemwita Profesa. Profesa! Nimemkatalia. Amesema basi atakwenda peke yake. Hawezi kwenda kudanganywa peke yake — nitamsindikiza.

Jumanne, 4 Machi

Kibao cha mlangoni: DAWA ZETU HAZINA MADHALA. Madhala! Ndani, magunia ya magome na mizizi ya msitu wa pwani: mlungulungu wa kutafuna jino likiuma, utomvu wa msandarusi wa kufukiza, na vumbi la bure. Dada aliketi kwenye benchi kama mwanafunzi mgeni. Mimi nilisimama.

Profesa alimminya miguu, akamfungia kwenye gazeti majani makavu ya mti asiotaka kuutaja. Siri ya kazi, eti. Kisha maelekezo: achemshe majani kwa maji, ile ya kwanza "anaimwaga", achemshe tena, anywe kikombe kimoja jioni.

Anaimwaga! Nilimkatiza. Majani, maji, yote ni ngeli moja: anayamwaga.

Alicheka. "Haya, mzee, anayamwaga. Ila asipoyamwaga tusilaumiane."

Dada alinifinya mkono. Njia nzima alitangulia mbele.

Alhamisi, 6 Machi

Bado amenuna. Ati nimemwaibisha. Kwa hiyo mtu aharibu lugha mbele yangu, nami nimpigie makofi?

Ijumaa, 7 Machi

Jikoni kunanuka kama kamba iliyoungua. Nimemkuta dada na kikombe, nusu ameshakunywa. Nimemuuliza kama alifuata maelekezo.

"Nimeyamwaga, kaka. Kama ulivyosema."

"Umemwaga nini?"

"Si hayo ya kwanza."

Nimemtaka ajibu kwa sentensi kamili. Amenitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Wewe ndiye uliyesema ni ngeli moja. Kwani alimaanisha yapi?"

Nimefunua pipa la taka. Majani ya kwanza yamo. Basi kikombeni ni maji yale yale, yamechemshwa tena na majani mapya. Au alitakiwa kumwaga maji? Sarufi inakubali yote mawili. Nampigia Profesa, mbumbumbu yule hapokei simu.

Nimempokonya kikombe, kipo hapa mezani, mbele yangu. Dada anasema ulimi wake umekufa ganzi — kidogo tu. Sasa anauliza kutoka jikoni: ayamalize au ayamwage?

Kisarufi, sahihi kabisa.

Simu yangu inaita. Ni Profesa.