Miwani Iliyobaki Getini

Jumatatu, 3 Machi
Karani wa mahakama amesema leo asubuhi: miwani yangu ni kamera, na kamera haiingii kortini bila kibali cha hakimu. Nimemweleza kwamba inanisomea maandishi na kunieleza kilicho mbele yangu. Kwamba sioni tangu mwaka juzi, presha ya macho. Amesema amesikia. Kamera ni kamera.

Nimeiacha kwa askari wa getini. "Buda, nitakuwekea. Lakini ikianza kuongea peke yake, mimi naikimbia."

Nimekaa kesi nzima na kijitabu changu cha nukta nundu. Wapangaji ishirini wa mtaa wa Umoja wanamshtaki mwenye nyumba kwa kuta zinazopasuka.

Jumanne, 4 Machi
Wakili wa wapangaji ametoa picha kama ushahidi. Nimemuuliza Achieng, mwandishi wa gazeti jingine, picha ya nini. "Ya ukuta tu, mzee." Nimeandika ukuta.

Mhariri amepiga simu saa kumi. Ukuta gani? Una ufa au hauna? Ufa wa kupitisha kidole au wa kupitisha mkono? Nimemsomea nilichoandika: ukuta. Amesema taratibu, na utaratibu wake ndio ulioniudhi: nisipopata kibali kufikia Ijumaa, kesi atapewa mwingine na mimi nirudi ofisini kuhariri habari za wenzangu.

Kortini nimekaa miaka kumi na minane. Sitaki kiti cha ofisini.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbovu. Kosa nusu ni langu.

Orodha ya kesi hubandikwa nje, na nje miwani inaruhusiwa. Imenisomea: wapangaji, korti namba tatu, saa tatu. Nimeketi namba tatu saa nzima nikisikiliza kesi ya mtungi wa gesi ulioibwa Komarock. Kumbe karani alikuwa amekata ile tatu kwa kalamu na kuandika tano pembeni. Miwani ilisoma chapa, ikaacha wino. Kila mtu hapa anajua orodha iliyochapwa ni pendekezo tu. Neno la mwisho ni kalamu ya karani. Hata mimi najua. Nilipokuwa na macho nilitazama kalamu kwanza. Leo nimeona haya kumuuliza mtu aliyesimama kando yangu.

Mwenye nyumba ametoa ushahidi wake wote. Sikusikia hata neno.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepeleka barua ya maombi kwa hakimu. Karani ameigonga muhuri.

Jioni, dukani, jirani yangu Mama Zuhura amenisema mbele ya wateja. Nimempita mara tatu wiki hii bila salamu. "Umenunua macho ya dukani, sasa majirani huwaoni?" Miwani ikaninong'oneza sikioni: mwanamke aliye mbele yako anatabasamu. Huenda kweli. Nimeizima. Nimeomba radhi, nimenunua maziwa.

Ijumaa, 7 Machi
Hakimu amenisikiliza kabla ya kesi kuanza. Hakuwa mkali. Wakili wa mwenye nyumba amesimama na kuuliza swali moja: picha zinazopigwa na miwani hii zinakwenda wapi?

Nimesema sijui.

Ndiyo kweli. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali kama hayo, na hili sikuwauliza walioniuzia. Nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia karani.

Hakimu hakukataa. Anataka barua ya watengenezaji ieleze picha zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Hadi hapo miwani ibaki getini. Mhariri amempa mwenzangu kesi. Jumatatu naanza ofisini.

Nimewaandikia watengenezaji mchana. Jibu limekuja papo hapo, la mashine: watanijibu ndani ya siku kumi za kazi. Hizo zinapita tarehe aliyonipa hakimu. Jumatatu saa mbili nitawapigia simu.

Ombi langu litatajwa Jumatano, 19 Machi, saa tatu asubuhi.