Chupa Kwenye Uzio wa Mkuyuni

Baba yangu,

Shikamoo. Wiki hii fundi anabomoa uzio wa fito hapa Mkuyuni ili tujenge ukuta wa tofali. Jana aliniuliza kwa nini fito za upande wa barabarani zimechongwa ncha na kulainishwa, nikamjibu ni mambo ya zamani tu. Uliyezichonga ni wewe, ili ziingie midomoni mwa chupa zako bila kuzikwaruza. Na mimi nina jambo kuhusu chupa hizo ambalo sikukuambia mpaka tukakuzika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikutania kwamba ofisi ya maji haina maji. Bomba la maabara yenu lilikuwa likikauka wiki nzima, nawe ukawa unarudi nyumbani na chupa za sampuli kwenye kreti ya soda. Ulikuwa unaziosha kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa letu, kisha unazichomeka kwenye fito, mdomo chini, zikauke juani. Kesho yake unapanda baiskeli na kisanduku chako cha barafu, unakwenda kuchota majitaka ya kupima pale mtaro wa kiwanda unapoingia ziwani. Ulinifundisha kuijaza chupa mpaka juu na kuifunga ikiwa bado imezama, lisibaki hata povu moja. "Hewa ikiingia, mayu, maji yatatoa ushahidi wa uongo." Uliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, kwa sababu nilibeba jina la mama yako, na kila uliponiita hivyo nilijiona mtu mzima.

Ndiyo ile miaka ya soko huria, viwanda vya minofu ya sangara vilipoota ufukweni kama uyoga. Nilipopata kazi katika kimojawapo, hicho hicho ulichokuwa unakipima, mama alipika pilau na majirani wakaja kunipongeza. Waliniweka meza ya kukata minofu, mikono ndani ya barafu kutwa, vidole vikifa ganzi mpaka nashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Msimamizi wetu wa zamu alikuwa anaishi Kirumba, hauoni uzio wetu, ila habari za chupa zako alikuwa amezisikia. Siku moja aliniuliza, kama utani, "Mzee kashaanika chupa?"

"Kaanika," nikamjibu nikicheka.

Kesho yake walipunguza kazi nusu, wakafungulia maji safi kwenye mtaro tangu alfajiri. Ukaja, ukachota maji ambayo mtu angeweza kunawia. Wiki iliyofuata nikahamishiwa kwenye mizani, mahali pakavu. Hapo ndipo nilipoelewa. Aliponiuliza tena, nilimjibu tena. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga, baba. Mara nyingine zote nilikuwa najua.

Kibali cha kiwanda kilisema majitaka yapite kwanza kwenye mtego wa mafuta, halafu kwenye mabwawa mawili ya kutulizia uchafu, ndipo yaende ziwani. Mabwawa hayo yalikuwa kwenye mchoro tu. Uani kulikuwa na shimo moja lililojaa magamba na funza. Lakini vipimo vyako vilikuwa vinatoka vizuri, na bila vipimo vibaya ofisi yenu isingeweza kumlazimisha mtu kuchimba kitu.

Kisha Jumapili moja, tumetoka kanisani, akaja nyumbani Mama Kulwa anayeishi chini ya mtaro ule. Alitua ndoo miguuni pako. "Mzee, karatasi yako inasema maji yetu mazima. Watoto wangu wanajikuna mpaka damu. Haya, onja wewe."

Hukubishana naye. Ulichovya kidole, ukakiweka mdomoni mbele yetu sote. Halafu ukautazama uzio kwa muda mrefu. Mimi nilikimbilia jikoni nikajifanya naangalia chungu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani mwangu.

Jumanne ukaanika chupa kama kawaida, na mimi nikapeleka habari kama kawaida. Jumatano kiwanda kikafungulia maji safi kutwa nzima, wewe hukutokea. Siku hiyo uzio ulikuwa mtupu, kwa hiyo Alhamisi mashine zilikuwa zinanguruma kwa nguvu zote. Kumbe chupa nyingine zilikuwa zimekaukia kwa Mama Kulwa. Nilichungulia mlangoni nikakuona umepiga goti kwenye mtaro mwekundu wa damu na mafuta, yeye kakushikia kreti. Uliifunga chupa ndani ya maji, taratibu, ukainua kichwa, ukaniona. Hukunipungia mkono wala hukunikunjia uso.

Kiwanda kilisimamishwa mpaka kichimbe mabwawa. Nilikaa nyumbani wiki hizo zote nikingoja useme. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kujitetea. Ukawa unaniuliza habari za kuku na za kwaya.

Kazi ilipokaribia kuanza tena, ulirudi jioni moja na kreti, ukaiweka mbele yangu. "Mayu, macho yangu siku hizi hata povu hayalioni. Kuanzia leo utakuwa unaosha wewe na kuanika wewe." Ukaingia ndani kula.

Niliziosha. Nilizichomeka kwenye fito moja moja. Kesho yake kazi ilianza, msimamizi akauliza swali lake lile lile.

"Mzee siku hizi haaniki," nikamwambia.

Siku iliyofuata hawakufungulia maji safi, na saa nne ulikuwa kwenye mtaro na chupa nilizoanika mimi. Kabla ya mwisho wa juma nilirudishwa kwenye meza ya barafu, nikakaa huko mpaka nilipoacha kazi. Uliniona nikipasha vidole kwenye jiko la mkaa kila jioni, ukawa unanisogezea kigoda bila kuuliza.

Watu wa mtaa huu wanasema ulistaafu bila kumjua aliyekuwa anakuchongea kiwandani. Mimi nawaacha waseme. Nakuomba msamaha leo, nimechelewa, lakini nakuomba. Na nimechoka kujifanya kwamba hukujua. Mpaka mwaka wako wa mwisho ulikuwa unasoma gazeti bila miwani, baba. Povu ulikuwa unaliona.

Pumzika.

Mwanao,
Mayu